Jicho Lako la Kushoto, Mama

Mama mpendwa,

Najua barua hii utasomewa na Mmbone. Zamani ungengoja mdogo wangu huyo atoke kwanza, halafu ukae nayo peke yako, miwani puani, ukisogeza midomo kwa kila neno. Siku hizi unasema unayapumzisha macho, na barua yoyote nitakayokuandikia lazima ipitie macho ya mtu mwingine kabla haijakufikia. Ndiyo maana nimeiandika wazi, isikiwe na yeyote atakayekuwa ameketi hapo nyumbani Vihiga, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Nina jambo la kukiri na jambo la kukuomba. Nimejaribu mara nyingi kwenye simu, nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha.

Naanza na Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, kwa sababu huko ndiko nilikofurahi zaidi nikiwa nawe. Jumamosi asubuhi ulinishika mkono tukaenda kuchagua vichwa vya mbuzi vya supu yako. Wanawake wengine walipima uzito, wengine walitazama meno. Wewe ulitazama macho. "Jicho likiwa na ukungu, hicho kichwa kimelala," ulikuwa ukisema, na muuzaji angeapa kwa jina la mama yake kwamba mbuzi amechinjwa saa hiyo hiyo, na wewe ungeshaenda meza ya pili. Sikumbuki hata siku moja uliyokosea.

Tulivibeba kwenye gunia hadi nyumbani Umoja. Nyuma ya nyumba yetu, pale wapangaji walipojengewa vyumba vya ziada hadi uani pakabaki upana wa mikono miwili, ndipo ulipovibabua motoni, ukavikwaruza, ukavipasua na kuviteleka. Kufika mchana mafundi wa mtaa walikuwa wamejipanga na vikombe vyao. Kila mmoja alitaka jicho. Kichwa kina macho mawili na wateja wako walikuwa kumi na zaidi, kwa hiyo uliweka sheria: jicho la leo ni la aliyekosa jana. Niliwahi kukuona ukimnyima chifu mdogo kwa sheria hiyo, naye akanywa supu yake bila jicho.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja uliponifundisha kulitoa. Kisu kidogo, unazunguka nalo taratibu, huvuti, unakata ile kamba ya nyuma mwishoni. Siku hiyo ulilipasua moja juu ya kifuniko cha sufuria ili nione ndani. Pana sehemu inang'aa bluu na kijani, nzuri kuliko kitambaa chochote tulichokuwa nacho nyumbani. "Hiyo ndiyo kioo yake ya kuonea gizani," ukasema. Chini ya kile kioo palikuwa peusi kama sehemu ya nje ya sufuria yako. Ulipagusa kwa ncha ya kisu ukaniuliza kwa nini Mungu apake rangi nyeusi mahali ambapo hakuna mtu atakayeona. Ulikuwa ukizungumza tu, hukutaka jibu. Mimi nilibeba lile swali mpaka chuo kikuu.

Weusi ule, Mama, ndio kazi yangu. Ni tabaka la seli, moja moja zimepangana, nyuma ya zile seli zinazopokea mwanga. Nilipoanza shahada ya pili nilihitaji macho mabichi, yasiyopitia motoni, nikakwambia hayo tukila. Hukuuliza ni ya nini. Kwa miaka miwili, kila Jumanne na Alhamisi, uliondoka alfajiri na ile thamosi kubwa ya chai umeijaza barafu, ukachagua vichwa, ukayatoa macho ukiwa umesimama hapo hapo sokoni, ukaniletea. Profesa wangu aliwahi kuniuliza napata wapi macho masafi namna hii. Nikamwambia nina mtu wangu. Sikusema ni mama yangu, na hilo pia linaniuma, ingawa silo nililokuja kukiri.

Unakumbuka siku uliyouliza kuhusu moshi? Nilikuwa nimekaa juu ya debe, wewe unakwaruza masikio ya mbuzi, machozi yanakutiririka kama kawaida. Ukasema, "Wewe na vitabu vyako vya macho. Haya yangu na huu moshi, yatafika uzeeni?" Nikafurahi kuulizwa. Nikaanza kukuhubiria. Nilisema retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina njaa ya oksijeni kupita karibu sehemu yoyote ya mwili, na juu ya njaa hiyo inamwagiwa mwanga mchana kutwa. Mwanga na oksijeni zikikutana mahali palipojaa mafuta, sehemu ya ile oksijeni hugeuka tabia ikaanza kuuma kila kilicho karibu, kama kutu inavyokula bati. Ukauliza mbona basi watu hawapofuki wakiwa watoto.

Nikasema kwa sababu seli zinajilinda. Zina ile rangi nyeusi uliyonionyesha, ambayo humeza mwanga uliozidi. Katikati ya retina, pale tunapoonea nyuso za watu na herufi, pana rangi ya manjano inayotokana na mboga zetu za majani, kunde na managu. Ndani ya seli kuna kitu kinaitwa glutathioni ambacho hukubali kuharibiwa chenyewe ili seli ipone. Na kuna protini moja, nikasema, ambayo siku za amani hushikwa na mwenzake na kuvunjwa kabla haijafanya lolote. Hatari ikija yule mwenzake huiachilia, nayo hukimbilia kwenye kiini cha seli kuamsha jeni zote za ulinzi.

"Kumbe ni soja wa geti," ukasema.

"Ni soja kabisa, Mama. Jicho si jinga. Linajilinda lenyewe."

Ulilipenda neno hilo. Wiki nzima uliwaambia wateja kwamba binti yako amesoma akakuta ndani ya jicho kuna soja, kwa hiyo wasiogope kununua macho yako. Nami nilisimama pale na kikombe changu nikitabasamu, mtaalamu wa mtaa.

Mwaka uliofuata ukaanza kugombana na mlango wa jikoni. Ule mlango wa chuma wenye nondo alikuwa ameutengeneza Fundi Njoroge, jirani yetu wa kuchomelea vyuma, ambaye hakupitisha siku bila supu yako. Ulimwita ukamwambia nondo zimepinda katikati. Akaja, akatazama, akagonga hapa na pale kwa heshima, akaenda. Baada ya muda ukamwita tena. Mara ya tatu alikuja na pimamaji, kile kipimo chenye kiputo cha hewa, akaiegemeza kwenye nondo moja baada ya nyingine.

"Mathe, ona mwenyewe. Hewa iko katikati kabisa. Hii mlango iko sawa."

"Iko sawa wapi? Hapa katikati imeingia ndani kama mtu ameipiga teke. Wewe kijana, mimi nakuuzia supu ya maji?"

"Hapana, mathe."

"Basi usiniuzie mlango ya kupinda."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yenu nikicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamkonyeza Njoroge. Nilimwambia aupige nyundo mara mbili ili ufurahi, naye akaupiga. Ukarudi kwenye sufuria zako. Mlango haukuwa umepinda, Mama. Mistari iliyonyooka ikianza kuonekana imepinda, ni mishipa dhaifu ya damu imechipuka nyuma ya retina na inavuja. Hilo hufundishwa mapema kabisa. Niliwahi kuliandika kwenye mtihani na nikapata alama zote.

Laiti ningekuwa nimekosea mara hiyo moja tu. Miezi michache baadaye nilienda maabara na homa, mikono mitupu, ukaniletea thamosi mwenyewe, umevaa lile koti la kanisani. Nilitaka uone kazi ya mikono yako miwili. Nikakuwekea seli chini ya hadubini, ile ya zamani yenye tundu moja, ukainama ukatazama kwa jicho la kulia.

"Iko na doa katikati," ukasema.

Nikapangusa lenzi. Ukasema bado. Nikabadilisha lenzi nzima, nikaomba radhi kwa uchafu wa vyombo vya serikali, na wewe uliporudi kutazama ulitumia la kushoto bila kujua. "Sasa limeondoka," ukasema. "Zimepangwa vizuri, kama kabro za barabarani." Nikafurahi kwamba nimesafisha lenzi. Nilikuwa nimesimama karibu nawe kiasi cha kunusa moshi kwenye koti lako, na bado nikapangusa kioo.

Tulijua kwa sababu ya moshi huo huo. Mchana mmoja uliingiwa na moshi kwenye jicho la kushoto ukalifunika kwa leso, huku mkono mwingine ukimpimia Njoroge supu. Ukasimama na upawa hewani. Ukamwambia aache mchezo. Akauliza mchezo gani. Ukasema, "Uso wako umeenda wapi?" Njoroge ndiye aliyenipigia simu, na sauti yake nilivyoisikia niliacha sahani zangu zote za seli wazi nikatoka.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Hospitalini daktari alikupa kadi yenye miraba midogo na nukta katikati. Akakufunika jicho la kushoto, akauliza kama mistari imenyooka. Ukasema, "Imepinda kama mlango wetu." Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mara moja, mlango, lenzi, Njoroge na nyundo yake. Daktari akauliza, "Hali hii ilianza lini?" Ulikuwa umefungua mdomo. Mimi nikawahi. Nikasema, "Wiki mbili."

Nilidanganya kwa sababu alikuwa akinijua. Mwezi mmoja kabla alikuwa amekaa mbele nikieleza darasa zima jinsi retina inavyojilinda, na akanipigia makofi. Sikuweza kumwambia kwamba mama yangu amekaa karibu mwaka mzima akilalamikia mlango, na mimi nikacheka. Alitazama picha za jicho lako kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, bila kuniangalia, "Kovu hili si la wiki mbili." Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa na madoa ya manjano lakini halijaanza kuvuja, akasema tulilinde, utazame kadi kila asubuhi, na mstari mmoja tu ukipinda uje mbio kuchomwa sindano kabla kovu halijafanyika.

Kwenye ukumbi wa nje ulikaa na mkoba magotini. Ukaniuliza, "Ulisema wiki mbili?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Sawa." Halafu nikalia, na wewe ndiye uliyenibembeleza. Hatujawahi kuligusa jambo hilo tena. Baada ya miezi mitatu ukasema moto wa supu umekushinda, ukaenda nyumbani Vihiga, na mimi nikakusindikiza nikijua kwamba hata ukiniomba ubaki sijui ningekufanyia nini.

Kwenye friji ya maabara nina vichupa vya kila aina vya kukinga seli, Mama. Nikiziwekea seli za mbuzi matone machache kabla ya kuzimwagia ile dawa kali ya kuoshea vidonda, inayouma kama ile oksijeni iliyogeuka tabia, nyingi hupona. Nahesabu zilizo hai na naandika. Hakuna hata tone moja ninaloweza kukutilia wewe. Kinachofanya kazi ndani ya sahani si dawa ya mtu, na huenda nikazeeka kabla hakijawa. Wenzangu hunipongeza matokeo yakiwa mazuri. Narudi Umoja napitia kwenye ule mlango.

Na kuna nusu ya habari ya soja ambayo sikukupa ulipokuwa ukikwaruza masikio yale. Sikukuficha, nilikuwa tu na haraka ya kuonekana najua. Soja huzeeka. Mtu akifika umri wako, soja wake husikia hatari amechelewa, na akiamka huamsha walinzi wachache. Kila asubuhi zile seli za mwanga hukata ncha zao zilizochakaa, na zile nyeusi zilizo nyuma huzimeza ili pawe safi. Kazi hiyo huifanya maisha yote bila kubadilishwa zamu, kwa sababu seli hizo zikifa hazioti nyingine. Mabaki yasiyomezeka hubaki ndani yake, mwaka juu ya mwaka, na mabaki hayo yenyewe yakipigwa mwanga huongeza ile oksijeni mbaya. Moshi nao huongeza mzigo, ingawa daktari hakutaka kusema kwamba moshi ndio uliokuangusha, na mimi pia siwezi kusema. Jicho linajilinda, kweli. Linajilinda mpaka lichoke, na halina namna ya kukwambia limechoka isipokuwa kwa kupinda mistari.

Kila asubuhi nakupigia na kukuuliza, "Mistari?" Nawe hujibu, "Imenyooka." Nimeishi kwa neno hilo. Nalisikia, nakunywa chai, naenda kazini.

Jumapili iliyopita Mmbone alinipigia kunichekesha. Alisema umemkalisha kijana aliyekupandia mahindi, ukamgombeza mbele ya watu kwamba mistari yake inakwenda kama nyoka, na kijana wa watu akachukua kamba akaipima upya yote, ikawa imenyooka, na wewe ukamwambia hata kamba yake imelewa. Mmbone alikuwa akicheka. Alingoja nicheke na mimi. Simu ilinianguka, na nilipoiokota alikuwa akiuliza kama mtandao umekatika.

Nimekupigia mara nne tangu siku hiyo nikikuomba uje. Mara ya kwanza ulisema kuna palizi. Mara ya pili ulisema ulikwenda hospitali na jicho moja bovu wakakuambia limekwisha, sasa waje waseme hivyo hivyo kwa la pili? Mara ya tatu ulinibadilishia habari. Juzi ukacheka, kile kicheko chako cha kufunga mjadala, ukasema, "Acha soja afanye kazi yake. Si wewe ulisema analinda?" Ni kweli nilisema. Ni maneno yangu, na yamesimama kati yako na gari la kuja hapa, na siwezi kuyarudisha mdomoni.

Siwezi pia kuja kukubeba kama gunia. Wewe ni mama yangu na jicho ni lako. Nikija nikapiga magoti utaniinua, utanipikia, utanirudisha stendi. Najua pia kwa nini unanijibu imenyooka kila asubuhi. Ulinisikia nikilia kwenye ukumbi ule, na tangu hapo umekuwa ukinikinga. Unaamka kabla ya simu yangu na unaliweka neno tayari. Leo umelisema hata kabla sijauliza.

Basi nakwambia kweli yote kwa mara ya kwanza. La kulia halitarudi. Niliona dalili zake mara mbili nikacheka mara moja na kupangusa kioo mara ya pili, kisha nikamdanganya daktari ili nisiaibike. Sindano haitakupa ulichopoteza. Huenda hata la kushoto isiliokoe lote, na sikuahidi kitu, ahadi zangu umeshaziona. Lakini ikiwahi inaweza kuzuia mishipa ile isivuje zaidi, na kuwahi kwenyewe ni siku, si miezi. Ukija, nitamwambia daktari yule yule ilianza lini kwa macho yote mawili, na nitamwambia mbele yako ni nani aliyekuchelewesha.

Sasa namwomba Mmbone asitishe kusoma kidogo baada ya mistari hii michache. Funika jicho la kulia kwa kiganja, Mama. Mtazame mtoto wako Mmbone usoni, katikati kabisa, kwenye pua, kwa hilo la kushoto. Usiharakishe. Kama pua yake imekaa upande, au kama kuna mahali uso wake umekatika, mwambie yeye unachokiona, si mimi. Yeye atanipigia. Usitafute neno la kunituliza. Mimi nimeshalia, Mama, hilo huwezi tena kunikinga nalo.

Nakuaga hapa, nikiwa nimekaa na simu mapajani,

Binti yako mkubwa